Gharama ya maisha: Je, mkazi wa Asumbi hutumia nusu ya pesa za mkazi wa Nairobi?

WAFANYAKAZI wawili wa usafi, mmoja jijini Nairobi na mwingine katika soko la Asumbi, huamka saa zilezile, hushika mifagio ya aina moja na hufanya kazi kwa saa zinazolingana. Hata hivyo, sheria ya Kenya haiwapi ujira sawa. Kwa mujibu wa agizo la mishahara lililoanza kutekelezwa Novemba 1, 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida katika miji mikuu kama vile Nairobi, Mombasa na Kisumu ni Sh16,113.75 kwa mwezi. Katika miji iliyokuwa manispaa zamani ni Sh14,866.90. Kwingineko kote nchini, Asumbi ikiwemo, ni Sh8,596.45. Viwango hivyo havijumuishi marupurupu ya nyumba, na kazi za mashambani zina jedwali lake tofauti.

Kwa hesabu hiyo, mfanyakazi wa Asumbi hupata takriban asilimia 53 ya kile apatacho mwenzake wa Nairobi. Pengo hilo huelezwa kwa hoja moja iliyozoeleka: kwamba maisha ya mashambani ni ya bei nafuu. Hoja hii hurudiwa na waajiri, maafisa wa serikali na hata wazazi wanaowaambia watoto wao wasiende mjini. Ni nadra kusikia ikipimwa. Je, ni kweli kwamba maisha ya Asumbi hugharimu nusu ya maisha ya jiji kuu?

Asumbi ni nini?

Asumbi ni kituo kidogo katika eneo la Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, karibu na mpaka wa Kaunti ya Migori. Kiko kando ya barabara inayotoka Rongo na kupitia Rodi Kopany hadi mjini Homa Bay, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Wengi hukifahamu kwa sababu ya misheni ya Kikatoliki iliyokilea, chuo cha ualimu na shule ya upili ya wasichana. Makao makuu ya watawa wa Shirika la Mtakatifu Yosefu la Wafransiskani yako huko.

Kwa hivyo, Asumbi si kijiji kisichojua mshahara. Wapo walimu, wauguzi, makarani, wapishi wa shule, walinzi na wahudumu wa bodaboda. Wapo pia wakulima wanaopanda mahindi, maharagwe, mtama, njugu na miwa. Mchanganyiko huu ndio unaofanya kituo hiki kifae kulinganishwa na jiji: watu wake hununua vitu vingi vinavyouzwa Nairobi, lakini wanalipwa kana kwamba hawavinunui.

Mtego wa takwimu

Anayetaka kulinganisha gharama za miji hukimbilia kwanza takwimu za kila mwezi za Shirika la Kitaifa la Takwimu Nchini (KNBS). Shirika hilo hukusanya bei za bidhaa na huduma kutoka Nairobi na maeneo mengine ya nchi, huzitia katika kikapu kimoja na kutangaza mfumko wa bei. Kikapu kinachotumika sasa kilianza na bei za Februari 2019, ambazo zilipewa thamani ya 100. Uzito wa kila bidhaa ulitokana na uchunguzi wa matumizi ya familia uliofanywa mwaka wa 2015/16. Chakula na vinywaji visivyo vileo huchukua takriban thuluthi moja ya kikapu hicho.

Takwimu hizo zina manufaa makubwa, lakini hazijibu swali letu. Hupima jinsi bei zilivyobadilika mahali fulani tangu mwezi wa kuanzia. Hazipimi mahali gani ni ghali kuliko kwingine. Iwapo fahirisi ya mji mmoja imefika 140 na ya mwingine 130, maana yake ni kwamba bei katika mji wa kwanza zimepanda kwa kasi zaidi. Yawezekana kabisa mji huo wa kwanza ungali nafuu kuliko wa pili, kwa sababu ulianzia chini. Makosa ya kusoma tarakimu hizo kana kwamba ni mizani ya miji hufanywa mara kwa mara, hata na watu wenye elimu.

Orodha za kimataifa nazo zina mtego wake. Kampuni kama Mercer hulinganisha majiji ya dunia kwa kuyapima na New York, na Nairobi huwa miongoni mwake. Lakini orodha hizo hutengenezwa kwa ajili ya mashirika yanayotuma wafanyakazi ng'ambo. Kikapu chake ni cha mgeni anayekodi nyumba katika mtaa wa kifahari. Hakimhusu mama anayenunua mafuta ya kupikia ya Sh20.

Hata ndani ya Nairobi hakuna gharama moja ya maisha. Katika kikapu cha awali, kilichoanzia Februari 2009, KNBS iliwagawanya wakazi wa jiji katika matabaka matatu: familia zilizotumia hadi Sh23,670 kwa mwezi, zile zilizotumia kati ya kiwango hicho na Sh120,000, na zile zilizozidi hapo. Kila tabaka lilikuwa na kikapu chake, kwa kuwa bei ya unga ikipanda humwumiza mkazi wa Mathare kuliko mkazi wa Karen.

Tarakimu zinazokaribia jibu

Ipo takwimu nyingine, isiyotajwa sana, inayotusogeza karibu na jibu. Ni mstari wa umaskini. Katika uchunguzi huo wa 2015/16, KNBS ilikadiria kwamba mtu mzima alihitaji angalau Sh3,252 kwa mwezi ili kuishi mashambani bila kuhesabiwa maskini. Mjini alihitaji Sh5,995. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, na utapata asilimia 54. Ni karibu sawa kabisa na pengo la mshahara wa kima cha chini.

Tufanye hesabu ya familia moja. KNBS huhesabu kila mtu wa miaka 15 na zaidi kama mtu mzima mmoja, mtoto wa miaka mitano hadi 14 kama asilimia 65 ya mtu mzima, na aliye chini ya miaka mitano kama asilimia 24. Baba, mama, mtoto wa miaka 10 na mwingine wa miaka mitatu ni sawa na watu wazima 2.89. Familia hiyo ilihitaji takriban Sh9,398 kwa mwezi mashambani na Sh17,326 mjini.

Wakati huo kima cha chini cha mshahara, kulingana na agizo la mwaka wa 2015, kilikuwa Sh5,844.20 katika maeneo kama Asumbi na Sh10,954.70 jijini. Mshahara mmoja wa Asumbi ulitosha asilimia 62 ya mahitaji ya familia hiyo. Mshahara mmoja wa Nairobi ulitosha asilimia 63. Wote wawili walipungukiwa, na walipungukiwa kwa kiwango kinachokaribiana mno.

Kwa kutazama juu juu, basi, sheria imetenda haki. Lakini haki hiyo ina kasoro katika msingi wake, na ili kuiona ni lazima tuufungue mstari wa umaskini na kutazama kilichomo.

Nafuu, au kukosa?

Mstari huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni chakula: gharama ya kumpa mtu mzima kalori 2,250 kwa siku. Sehemu hii ilikuwa Sh1,954 mashambani na Sh2,551 mjini. Yaani, chakula cha mashambani kiligharimu asilimia 77 ya cha mjini. Tofauti ipo, lakini si nusu.

Sehemu ya pili ni mahitaji mengine yote: nyumba, nguo, nauli, matibabu, masomo, sabuni na taa. Ukitoa chakula, zinabaki Sh1,298 mashambani na Sh3,444 mjini. Hapa ndipo pengo lilipo: mahitaji yasiyo chakula yalikadiriwa mashambani kwa asilimia 38 tu ya yale ya mjini.

Swali ni jinsi kiasi hicho kilivyopatikana. Wataalamu hawakwenda dukani kuuliza bei ya sabuni Asumbi na Nairobi, kisha wakalinganisha. Walitazama familia ambazo matumizi yake ya chakula yalikaribia kiwango cha chini, wakahesabu familia hizo hutumia kiasi gani kwa mambo mengine. Njia hii hutumika katika nchi nyingi na haina hila. Lakini matokeo yake huonyesha kile maskini anachotumia, wala si bei ya kile anachohitaji. Ikiwa mtu hakwenda hospitali kwa kukosa nauli, matumizi yake ya matibabu huwa sufuri, na sufuri hiyo huhesabiwa katika wastani.

Kwa maneno mengine, sehemu ya unafuu wa mashambani ni unafuu wa kweli, na sehemu nyingine ni ukosefu uliovishwa nguo za unafuu. Mshahara ukipangwa kwa kufuata matumizi hayo, aliyezoea kukosa hulipwa ili aendelee kukosa. Ndiyo sababu inafaa kutenganisha vitu katika mafungu matatu: vilivyo nafuu kweli, vilivyo sawa kote, na vilivyo ghali zaidi mashambani.

Vilivyo nafuu kweli

Kodi ya nyumba ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Jijini Nairobi, takriban familia tisa kati ya 10 huishi katika nyumba za kukodi, ilhali mashambani walio wengi huishi katika nyumba zao wenyewe, juu ya ardhi ya familia. Mtu mwenye boma lake karibu na Asumbi halipi kodi tarehe tano ya mwezi. Hata mgeni anayekodi chumba karibu na chuo hulipa sehemu ndogo ya kile anacholipa mpangaji wa jijini kwa chumba cha ukubwa uo huo.

Kwa mpangaji wa jiji, kodi na nauli ni ndugu pacha. Anayehamia Ongata Rongai, Kitengela au Ruiru ili kupunguza kodi hujikuta akiilipa tena kwa makondakta wa matatu, tena kwa bei inayopanda mvua inaponyesha. Kibarua wa Asumbi aghalabu hutembea hadi kazini.

Chakula kinachokuzwa karibu pia ni nafuu: mboga za kienyeji, viazi vitamu, ndizi na mboga kutoka mashamba ya Kisii, na mahindi wakati wa mavuno. Mwenye shamba hupata kitu ambacho hakionekani katika risiti yoyote. Maji ya kisima au ya mvua na kuni za shambani nazo hupunguza matumizi, ingawa hulipwa kwa saa na mgongo wa wanawake na watoto.

Hata hivyo, unafuu wa chakula una majira yake. Katika eneo hili mahindi ya mvua ya masika huvunwa kuanzia Julai hadi Agosti. Miezi inayotangulia mavuno ghala huwa tupu, na mkulima hugeuka kuwa mnunuzi. Gorogoro moja ya mahindi, kipimo cha bati chenye takriban kilo mbili, huweza kupanda bei kwa kiasi cha kushtua kati ya Agosti na Mei inayofuata. Anayelinganisha bei za Asumbi na Nairobi mwezi wa Agosti atapata jibu tofauti na anayelinganisha mwezi wa Mei.

Samaki nao si nafuu kama mgeni anavyodhani. Ziwa li karibu, lakini wanunuzi wa mbali wako karibu zaidi nalo kwa mifuko yao. Tangu miaka ya 1990, minofu ya mbuta husafirishwa hadi Ulaya na kwingineko, na wakazi wengi wa ufuoni wakazoea kula mifupa iliyobaki, maarufu kama mgongo wazi. Bei ya samaki mzuri ufuoni hupangwa na mnunuzi wa Nairobi au wa ng'ambo, wala si na mfuko wa jirani.

Vilivyo sawa kote

Fungu la pili hupuuzwa mno. Stima ya Kenya Power hutozwa kwa viwango vinavyolingana nchini kote. Kinachobadilisha bei ni idadi ya uniti zinazotumiwa. Tangu Aprili 2023, kiwango cha chini kabisa ni cha familia zisizozidi uniti 30 kwa mwezi, awe mtu yuko Asumbi au Kilimani. Dakika ya simu, data na ada ya kutuma pesa kwa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa Machi 2007, hazipungui bei kwa sababu mteja yuko mashambani.

Karo za shule za bweni pia hazijali anakoishi mzazi. Serikali ilipoweka kikomo cha Sh53,554 kwa mwaka katika shule za kitaifa mnamo 2015, mzazi wa Asumbi na wa Nairobi walipokea orodha moja. Ukitumia mshahara wa kima cha chini wa wakati huo, karo hiyo ilikuwa sawa na karibu mishahara mitano ya kibarua wa Nairobi, lakini ilikuwa zaidi ya mishahara tisa ya kibarua wa Asumbi.

Makato ya lazima yana tabia hiyohiyo. Hazina ya bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hutoza asilimia 2.75 ya mshahara, lakini kiwango cha chini ni Sh300. Kibarua wa jijini hulipa asilimia hiyo kamili. Kwa kibarua anayepata Sh8,596, asilimia hiyo ni Sh236 pekee, hata hivyo hukatwa Sh300. Kwa hivyo mwenye mshahara mdogo hulipa sehemu kubwa zaidi ya mshahara wake.

Vilivyo ghali zaidi mashambani

Bidhaa za viwandani huingia nchini kupitia bandari ya Mombasa au hutengenezwa karibu na Nairobi, kisha husafirishwa kuelekea magharibi. Kila kilomita huongeza gharama. Mfano ulio wazi ni mafuta ya petroli. Tangu Desemba 2010, serikali hutangaza bei za juu zaidi kwa kila mji, na siku hizi kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) kila tarehe 14 ya mwezi. Mombasa huwa ya chini kabisa, takriban shilingi tatu kwa lita chini ya Nairobi. Kisumu na Eldoret kwa kawaida huwa karibu sawa na Nairobi. Oktoba 2023, petroli ilipofika Sh217.36 kwa lita jijini Nairobi, waliokuwa mbali na bomba la mafuta walilipa zaidi ya hapo.

Nauli ya bodaboda ya Asumbi hutokana na mafuta hayo. Mkazi anayehitaji daktari bingwa, benki kubwa au ofisi ya kaunti hana budi kwenda Homa Bay, Kisii au Kisumu. Safari hiyo humgharimu nauli na siku nzima ya kazi. Mkazi wa Nairobi hupata huduma hizo kwa matatu moja.

Kisha kuna uchumi wa kadogo. Asiye na pesa za kununua kilo nzima hununua kwa vipimo vidogo: mafuta ya kupikia katika kikombe, sukari katika karatasi, sabuni kipande, makaa kwa mkebe. Kila kipimo kidogo hubeba faida ya muuzaji wa ziada, hivyo kilo moja iliyonunuliwa mara kumi huwa ghali kuliko kilo iliyonunuliwa mara moja. Mtindo huu uko pia katika mitaa ya mabanda mijini, lakini mjini duka la jumla liko mtaa wa pili.

Ushindani nao ni muhimu. Jijini, maduka makubwa hupigania wateja kwa kupunguza bei. Katika kituo kidogo chenye maduka machache, mteja huchukua bei anayopewa. Inashangaza kwamba eneo hili limezungukwa na miwa, na kiwanda cha sukari cha Sony kiko Awendo, si mbali, lakini ukaribu huo pekee haumpi mkazi sukari ya bei rahisi. Sukari hulipiwa ushuru uleule na hupitia mikono ya wasambazaji walewale.

Sera za kupunguza bei pia huelekea mjini. Mei 2017, serikali ilipofadhili unga wa mahindi na kuuza pakiti ya kilo mbili kwa Sh90, aliyefaidi zaidi ni anayenunua unga wa pakiti. Familia nyingi za mashambani hununua nafaka kwa gorogoro na kuipeleka kwenye kinu cha kusagia.

Miji mingine

Nairobi na Asumbi ni ncha mbili. Kati yake, kila mji una uzito wake. Mombasa hupata mafuta kwa bei ya chini na bidhaa za kutoka nje huteremshwa hapo, lakini viazi na mboga husafiri kutoka bara, na maji yake hutoka mbali, katika chemchemi za Mzima na visima vya Baricho. Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, na Eldoret, iliyopata hadhi hiyo Agosti 2024, ziko karibu na mashamba ya mahindi, viazi na maziwa, hivyo chakula huwa afueni. Kisumu ina kodi ya chini kuliko Nairobi, lakini mboga zake nyingi hutoka Kisii na Nandi.

Katika mitaa isiyo na mifereji ya kuaminika, maji yenyewe hupindua dhana ya nani analipa nyingi. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50 ya lita 20. Anayenunua mtungi kwa Sh5 hulipa Sh250 kwa mita ya ujazo, na kwa Sh10 hulipa Sh500. Aliye na mfereji nyumbani hulipa kiasi kidogo mno kuliko hicho. Hivyo maskini wa jiji huweza kulipia maji zaidi kuliko tajiri wa mtaa jirani na kuliko ndugu yake wa Asumbi.

Familia moja, gharama mbili

Kulinganisha huku kuna ugumu mwingine ambao tarakimu haziuonyeshi. Wakazi wengi wa Nairobi wanaotoka Asumbi hawaishi mahali pamoja. Hulipa kodi jijini na papo hapo hununua mbolea, hulipa karo ya wadogo wao na hutuma pesa za matibabu nyumbani. Kunapotokea msiba, hutoa mchango na husafiri usiku kucha, kwa sababu mila za Waluo hutaka mtu azikwe katika boma lake.

Upande wa pili, gunia la mahindi au kikapu cha viazi vitamu hupanda basi kuelekea Nairobi na kupunguza matumizi ya jijini. Kwa hivyo mshahara wa jiji hulipia sehemu ya maisha ya Asumbi, na shamba la Asumbi hulipia sehemu ya maisha ya jiji. Mwenye hasara kuliko wote ni kibarua wa Asumbi asiye na shamba na asiye na ndugu mjini. Yeye hununua kila kitu, kwa nusu ya mshahara.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Serikali hutumia dhana ya unafuu wa mashambani katika maamuzi mengi kando na kima cha chini cha mshahara. Mkataba wa walimu wa 2017-2021 uligawanya nchi katika makundi manne ya marupurupu ya nyumba. Nairobi ilisimama peke yake. Kundi la pili lilikuwa na Mombasa, Kisumu, Nakuru, Nyeri, Eldoret, Thika, Kisii, Malindi na Kitale. La tatu lilikuwa la manispaa nyingine za zamani, na la nne maeneo mengine yote.

Kwa marupurupu ya nyumba, mantiki hiyo inaeleweka, maana nyumba ndiyo inayotofautiana zaidi. Uingereza, kwa miongo mingi, huwapa wafanyakazi wengi wa umma nyongeza ya kuishi London. Marekani huenda mbali zaidi: serikali yake huchapisha takwimu zinazolinganisha viwango vya bei kati ya majimbo na kati ya miji, ambapo wastani wa taifa ni 100. Mwajiri na mwajiriwa huweza kuzitumia wanapojadiliana.

Tofauti kati ya kutoa nyongeza ya nyumba na kukata nusu ya mshahara wenyewe ni kubwa. Nyongeza hulipia kitu kinachojulikana. Kukata mshahara hudhani kwamba sabuni, karo, dawa na simu pia vina bei ya nusu, na tumeona kwamba sivyo.

Jinsi ya kulinganisha

Msomaji anayefikiria kuhama, awe mwalimu aliyepewa uhamisho au mstaafu anayerudi nyumbani, anaweza kufanya hesabu yake mwenyewe bila kungoja takwimu za serikali.

Kwanza, aandike matumizi yake ya miezi mitatu, si mmoja, ili asidanganywe na msimu wa mavuno au mwezi wa karo. Pili, ayagawe katika mafungu matatu tuliyotaja: kinachopungua, kisichobadilika na kitakachoongezeka. Tatu, aulize bei kwa kipimo ambacho atakitumia kweli. Kilo moja ya dukani si sawa na vikaratasi kumi vya kibandani. Nne, aweke thamani kwa muda na nauli ya kufikia hospitali, benki na shule. Tano, ajiulize iwapo atakuwa na shamba na nyumba yake mwenyewe, kwa maana bila hivyo viwili unafuu mwingi wa mashambani huyeyuka.

Mwenye nyumba, kisima na shamba karibu na Asumbi, pamoja na pensheni inayofika kila mwezi, yumkini ataishi kwa nusu ya gharama ya Nairobi, au hata chini ya hapo. Lakini yule mfanyakazi wa usafi tuliyeanza naye hana pensheni, na huenda hana shamba. Chakula chake ni robo tu nafuu kuliko cha mwenzake wa jijini, stima yake ni bei ileile, na nauli ya kumpeleka mwanawe hospitali ni kubwa zaidi. Mshahara wake ndio pekee uliopunguzwa kwa karibu nusu.